Siku Themanini na Sita

Daktari Musembi amefariki. Niliisoma habari hiyo nikiwa jikoni, kwenye kundi la simu la wanafunzi wake wa zamani, chini kidogo ya ujumbe wa mtu aliyekuwa akiuza maembe. Siku iliyofuata binti yake alinipigia kutoka Kitui, akaniomba kwa sauti iliyokauka niandike aya moja ya kuwekwa kwenye kijitabu cha mazishi. "Wewe ndiye ulifanya naye ile kazi ya nuru," alisema. "Alikuwa anakutaja sana." Nikamuuliza alikuwa ananitaja vipi. Akacheka kile kicheko cha watu wenye msiba. "Alikuwa anasema wewe ni kichwa ngumu." Nimeiandika aya hiyo mara saba. Kila nikifika kwenye neno "mvumilivu" nalifuta, kwa maana hakuwa mvumilivu, wala mimi sikuwa, na mwaka tuliofanya kazi pamoja ulikuwa mwaka wa watu wawili waliokasirikia kitu ambacho hakikujua kwamba wapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiishi Kasikeu katika chumba cha nyuma ya duka la Mama Kalekye. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, meza niliyoazima shuleni, dirisha moja lililotazama tangi la maji, na harufu ya makonge ambayo haikutoka hata mlango ukikaa wazi kutwa nzima. Asubuhi nilifundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari iliyokuwa karibu. Nilikuwa mwalimu wa kuajiriwa na bodi, yaani mwalimu asiye na hakika kama muhula ujao atakuwepo. Nikirudi mchana nilikaa kwenye kazi ya shahada yangu ya pili, kwa kompyuta ambayo betri yake ilikuwa imekufa zamani, na kila stima ilipopotea, chochote ambacho sikuwa nimekihifadhi kilipotea nayo. Nimewahi kulia kwa sababu ya stima. Hayakuwa machozi ya huzuni. Yalikuwa machozi ya mtu anayetaka kumpiga mtu na hamwoni wa kumpiga.

Mama Kalekye alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya kuongoza mapambio kanisani na ulimi ambao haukuokoka pamoja naye. Kazi yake ilikuwa viondo, vikapu vya kusukwa kwa makonge. Hakuvisuka sana, alivifufua. Alizunguka hadi Mbumbuni akinunua viondo vikuukuu vilivyotoboka, akavifumua palipochakaa, akaziba kwa uzi mpya, kisha akampelekea mfanyabiashara mmoja pale Salama, Mama Wanjiru, aliyewauzia wasafiri wa barabara kuu kama vitu vipya. Sehemu ya makubaliano yetu ya chumba ilikuwa kwamba nitamsaidia kuziba. Kwa hiyo baada ya chakula, ambacho karibu kila siku kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na mbaazi, tulikaa kwenye mkeka dukani, kila mmoja na kiondo chake magotini, nami nikajifunza kuufuata mkono wa mwanamke nisiyemjua: kuona alipenda kurudisha rangi ya udongo baada ya mistari mingapi, na kuendeleza alichokusudia juu ya tundu, mpaka jicho la mnunuzi lisiweze kukwama popote. Nilikuwa hodari. Mama Kalekye alisema hivyo mbele ya wateja, na mimi, ambaye sikuwa nikisifiwa kwingine, nilivimba kichwa.

Ni kwenye mkeka huo nilipomweleza kazi yangu. Alikuwa ameniuliza kwa nini mtu mzima aliyesoma anakaa kutwa akitazama nukta. Nikamwambia kuna kitu kinaitwa kwasa, moyo wa galaksi ya mbali mno, unaowaka kwa sababu shimo jeusi lililo katikati yake linakula kila linachokivuta. Nuru yake ikija kwetu inapita karibu na galaksi nyingine iliyo katikati ya njia, nzito kiasi kwamba uzito wake unaipinda nuru, sehemu ikapitia huku na sehemu kule. Sisi huku tunaona kwasa mbili, kumbe ni moja. Na kwa kuwa njia hizo mbili hazilingani, kwasa ikiongeza mwanga leo, tutauona mwanga huo kwenye taswira moja kwanza, halafu tusubiri siku nyingi ndipo tuuone kwenye ya pili. Kazi yangu ni kujua tunasubiri siku ngapi. Ukizijua siku hizo, unaweza kukadiria mbingu zinatanuka kwa kasi gani.

Alivuta uzi kwa meno, akafikiri. "Ni kama tangazo la kifo," alisema. "Mtu akifa Mbumbuni, mimi nasikia sokoni Jumanne. Halafu Jumapili mchungaji anatangaza tena kama ni habari mpya."

"Hivyo hivyo."

"Na sasa nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama Kalekye."

"Basi haraka ya nini?"

Haraka ilikuwepo, na ilikuwa na jina langu. Daktari Musembi, aliyekuwa akinisimamia kutoka chuo kimoja mjini Kitui, alikuwa ameniombea nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika chuo cha kusini mwa Afrika, mahali penye darubini kubwa na watu wa kuzungumza nao. Walisema wangenichukua kama ningekuwa na matokeo. Matokeo, kwa lugha yao, yalikuwa namba moja: kuchelewa kwa taswira ya pili, pamoja na kiasi cha mashaka. Data ilikuwa imekusanywa na wengine, kwa darubini ya wengine, kwa misimu mitatu, na tulipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na muda wa kuhangaika nayo. Taswira ya pili niliiita Mutua, jina ambalo kwetu hupewa mtoto aliyekaa tumboni kupita miezi yake. Wanafunzi walilisikia, na tangu siku hiyo sikuingia darasani bila mtu wa nyuma kuuliza, "Mwalimu, Mutua bado hajafika? Si umwandike kwa orodha ya wachelewaji aokote takataka?"

Tatizo lilikuwa jua. Kila mwaka kwa karibu miezi mitano jua lilikaa upande ule ule wa anga na kwasa yetu, na hakuna darubini iliyoweza kuiona. Katika grafu, kila mwaka ulikuwa na pengo, utupu usio na nukta hata moja. Hilo lingevumilika kama kwasa ingeng'aa na kufifia kwa adabu, mara kwa mara, katikati ya msimu. Haikufanya hivyo. Kwa misimu mitatu ilitupa kitu kimoja tu cha maana: mwaka wa pili, wiki mbili kabla ya pengo, taswira ya kwanza ilipanda ghafla ikashuka, ikafanya mlima mdogo mzuri uliochongoka. Halafu jua likaja. Jua lilipoondoka, Mutua alionekana akiwa ameshashuka, kama mgeni unayekuta ameondoka, kikombe kimeachwa mezani, na hujui alitoka saa ngapi. Mlima wake ulikuwa umepita pale pale tulipokuwa vipofu. Nakumbuka jinsi nilivyoitazama ile sehemu tupu na kuhisi kwamba imefanywa makusudi.

Programu niliyokuwa nayo haikukubali mapengo. Ilikataa, ikaandika kosa, ikajifunga. Kwa hiyo siku moja ya mwezi wa pili, nikiwa na hasira na joto, niliziba. Nilichukua umbo la mlima wa taswira ya kwanza, nikaliweka katikati ya pengo la Mutua, nikalilainisha pande zote mbili mpaka likashikana na nukta za kweli, kama nilivyoziba kiondo. Ilikuwa ya muda tu, ya kuona kama programu itatembea. Ikatembea. Nikahifadhi faili haraka kabla stima haijapotea, kwa jina lile lile la faili la kwanza. Kisha mitihani ya muhula ikaanza, nikasahihisha karatasi za vidato vitatu, nikaugua homa, likizo ikaja ikaisha. Niliporudi kwenye kazi, nilifungua faili nikakuta nukta zimepangika kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikukumbuka. Watu wakinisikia nikisimulia hapa hudhani ninaficha kitu. Sifichi. Mkono uliokuwa ukiziba matundu kila siku baada ya chakula ulikuwa umeziba jingine, na kichwa hakikuona sababu ya kuliandika.

Namba ilitoka safi. Siku themanini na sita, kwa mashaka ya siku tatu. Nilipiga hesabu tena kwa njia nyingine, themanini na sita. Nikampigia Daktari Musembi nikiwa nimesimama juu ya kiti dukani, mahali pekee ambapo mtandao ulishika. Nilimsikia akisukuma kiti na kufunga mlango. Kisha akasema, "Rudia," nami nikarudia, naye akasema, "Asante Bwana," polepole, kama mtu aliyetua mzigo. Katika wiki hiyo hiyo aliitangaza namba kwenye mkutano wa wenzake, akaandika barua ya kunipendekeza, na chuo cha kusini kikajibu kwamba wanaandaa karatasi zangu.

Nilitaka Mama Kalekye aione. Nilichapisha grafu kwenye karatasi nyingi, nikaziunganisha kwa gundi mpaka zikawa mkanda mrefu kuliko kaunta ya duka, na nukta za Mutua nikazitoa fotokopi kwenye plastiki inayoonyesha, ili nimsogezee moja juu ya nyingine mpaka milima ilale pamoja. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mteja alikuwa ametoka na sukari yake. Nikasogeza plastiki siku themanini na sita, milima ikalala, nikainua macho nikisubiri sifa. Yeye alikuwa ameinama akitazama kitu kingine kabisa.

"Nani alishona hapa?"

"Wapi?"

"Hapa." Kidole chake chenye sugu kilikuwa kwenye mwaka wa pili, juu ya mgongo wa Mutua.

"Hapo hakuna mtu ameshona. Hiyo ni nuru, Mama Kalekye. Imetoka mbinguni ikaingia kwa darubini."

"Imetoka mbinguni." Alivaa miwani yake ya kusomea Biblia. "Mbona huku kwingine inatetemeka kama mkono wa mlevi? Angalia. Moja iko juu, moja iko chini, ingine imekosa kabisa. Lakini hapa zimepangwa kama watoto wa nasari wakipelekwa choo. Huyu ni mtu mwingine. Huu mkono ni mwingine."

"Labda siku hizo hewa ilikuwa safi."

"Miezi mitano?"

"Kwa heshima yako, hii si kiondo."

"Mimi nimesema ni kiondo? Nimesema ni kiraka."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kwamba mtu anayemuuzia Mama Wanjiru viraka akiviita vipya hana haki ya kunifundisha ukweli. Nilijua ni matusi hata kabla hayajafika. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. "Eeh, namuuzia," alisema, "na siku ya mwisho nitaulizwa. Lakini mimi nafichia Mama Wanjiru. Sijifichii mimi. Lete kiondo chochote hapa dukani nikuonyeshe nilipotia mkono. Wewe hujui ulipotia." Akavua miwani, akaenda kumpimia mtu mafuta ya taa.

Nilikaa na ule mkanda mpaka chai ikapoa. Nilihesabu nukta za ile sehemu. Zilikuwa moja kwa kila siku, bila siku hata moja ya mawingu. Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, nilikwenda Salama, kwenye duka la kompyuta lililokuwa nyuma ya wauza matunda, nikaitafuta barua pepe ya zamani ya Daktari Musembi, nikalipakua faili la kwanza upya. Mtandao uliburuta. Kijana mwenye duka alikuwa akibishana na mteja kuhusu picha ya pasipoti. Mteja alidai masikio yake yametoka makubwa. "Masikio ni yako, mzee, mimi nimepiga tu." Faili likafunguka. Pale kwenye mgongo wa Mutua hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe. Nilikuwa nimepima umbali kutoka mlima wa kwasa hadi mlima wangu mwenyewe, na bila shaka namba ilitoka safi, kwa maana niliuweka mwenyewe siku themanini na sita mbele.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni nikaenda Kitui. Ofisi ya Daktari Musembi ilikuwa chumba chembamba chenye rafu ya vikombe alivyopewa kwenye mikutano, thamosi ya chai, na ukuta wa mbao laini uliopitisha kila neno la ofisi ya jirani. Siku hiyo jirani walikuwa wakipanga mahari ya mtu. Alinimiminia chai kabla sijaketi. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye kola iliyopigwa pasi sana, na alikuwa na furaha. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona na furaha isiyo na sharti.

"Daktari, ile namba si ya kweli."

"Si ya kweli ama huna hakika nayo? Hayo ni mambo mawili."

"Pengo nililiziba mwenyewe. Nikasahau kwamba nimeliziba. Halafu nikapima kiraka."

Nikamwonyesha faili zote mbili. Alizitazama kwa muda ambao ng'ambo ya ukuta mbuzi walipanda kutoka watatu hadi wanne. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Lakini mlima lazima ulipita hapo."

"Ulipita. Hatujui siku gani."

"Katikati ni mahali pazuri pa kukisia."

"Basi tuandike kwamba tumekisia."

Hapo ndipo aliponitazama. "Nduku, unajua nimekwenda mikutano yao mara ngapi? Kila mara nauliza swali zuri, wananiambia ni swali zuri, nakula chakula chao narudi nyumbani. Mtu akienda karamuni mikono mitupu kila mwaka, mwishowe anapewa kiti cha watoto. Mwaka huu nilikwenda na kitu mkononi."

"Najua, Daktari."

"Hujui. Kaa kimya miezi michache. Jua litaondoka, msimu mpya utakuja, tutapata mlima mwingine, tutasahihisha. Wewe utakuwa umefika huko kusini, umeshaanza masomo. Nani atakurudisha?"

"Na mlima usipokuja?"

"Utakuja."

"Wanne!" mtu alipiga kelele ng'ambo ya ukuta. "Na msichana mwenyewe ni mwalimu?"

Daktari Musembi aligonga ukuta kwa kiganja, nao wakanyamaza. "Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini zaidi. "Barua niliyokuandikia ina sentensi moja ya maana, na hiyo sentensi ni hiyo namba. Ukiitoa, kinachobaki ni kwamba wewe ni msichana mwenye bidii. Wenye bidii ni wengi. Mimi sitaifuta. Ukitaka kuifuta, ifute wewe, kwa jina lako." Kisha akaifunika chai yangu kwa kisahani ili isipoe, jambo ambalo sijawahi kulielewa, na akaanza kusahihisha karatasi za wanafunzi kana kwamba nimeshaondoka.

Kwa miaka mingi nimemsimulia mtu yule kama mwoga. Sasa mimi mwenyewe nina wanafunzi, nimeandika barua zenye sentensi moja ya maana, nimekaa kwenye viti vya watoto katika karamu za watu, na siwezi tena kusema neno hilo kwa urahisi. Lakini siwezi pia kusema alikuwa sahihi. Ninapofika hapo kwenye aya yangu ya kijitabu, kalamu inasimama. Kilichonikasirisha mwaka ule, na bado kinanikasirisha, ni kwamba hoja yake haikuwa ya kijinga. Themanini na sita ingeweza kuwa kweli. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na uwezo wa kunikosoa. Mbingu zenyewe hazikuwa zimejibu. Kama ningekuwa nimeiba, ningejua nimemwibia nani.

Niliandika barua pepe siku kumi baadaye, kule kule Salama, kwa yule kijana wa masikio. Siku hizo tisa za katikati sikufanya lolote la kishujaa. Nilifundisha, nilikula, niliziba viondo vibaya mpaka Mama Kalekye akavifumua. Nilijaribu kuishi na namba ile kama mtu anavyojaribu kiatu kinachobana, nikijiambia kitatanuka. Nilitazama picha za chuo cha kusini kwenye simu, ukumbi wao wa kulia wenye madirisha marefu, nikajiona pale na sahani yangu. Siku ya kumi mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, Mwende, aliniletea daftari la majaribio ya pendulamu. Majibu yake yalikuwa mazuri kupita kiasi. Nikamuuliza kama alipima kweli. Akasema, "Mwalimu, nilipima mara mbili, hiyo ingine nikajazia, si zote zingekuja tu hivyo?" Nilimpa sifuri. Nikakaa ofisini na ile sifuri mbele yangu, wino bado mbichi, na aibu ikanipanda kutoka miguuni. Jioni hiyo hiyo kabla duka halijafungwa niliandika kwa kundi zima la watafiti waliotupa data, na nakala kwa chuo cha kusini: pengo la mwaka wa pili lilijazwa kwa mkono, kosa ni langu, namba iondolewe. Mistari minne. Kijana akaniuliza kama nachapisha. Nikasema hapana.

Chuo kilijibu baada ya wiki. Walinishukuru kwa uaminifu wangu. Uaminifu ulitajwa mara mbili, nafasi haikutajwa. Waliniomba niwasiliane nao tena nitakapokuwa na matokeo. Daktari Musembi hakuandika wala kupiga simu. Mama Kalekye nilipomwambia, alikaa chini kwenye gunia la mahindi. "Aiya, mwaitu. Ningejua ningefunga huu mdomo," alisema, akiniita mama kwa lugha ya kwetu kama anayebembeleza mtoto, na Jumapili, wakati wa maombi, alisimama mbele ya kanisa zima akaomba waumini waiombee nyota ya mwalimu, kwa sababu jua limeikalia. Mchungaji alisita, akatafuta mstari wa Biblia, hakuupata, akaomba hivyo hivyo. Vijana wa kwaya walicheka mpaka wakajificha nyuma ya vitabu vya nyimbo. Mimi sikucheka. Nilifumba macho nikaomba kweli, kwa hasira, nikimwambia Mungu kwamba nimefanya upande wangu.

Jua likaondoka. Mvua za mwisho wa mwaka zikaja, watu wakashika majembe, muthokoi ukapungua sahanini kwa kuwa ghala za mwaka jana zilikuwa zikiisha. Miezi ikapita nikihesabu usiku wa darubini ya watu wengine. Kisha siku moja baada ya vipindi nikakuta barua pepe ya Daktari Musembi, ya kwanza tangu Kitui. Haikuwa na salamu. Ilikuwa faili tu, msimu mzima. Nililipakua nikiwa nimesimama juu ya kile kiti dukani, nikashuka, nikafungua kwenye kaunta. Safari hii sikugusa nukta hata moja. Nilichora taswira ya kwanza. Ilikuwa laini. Nikakuza mara kumi, nikaona mtetemo wa kawaida wa hewa na mashine, na chini yake mstari ulionyooka kama mpaka wa shamba. Nikamchora Mutua. Mstari. Kwasa haikuwa imepanda wala kushuka kwa msimu mzima. Hakukuwa na mlima wa kutafuta, hakukuwa na cha kuchelewa. Kitu kile, kilichokuwa kimewaka tangu kabla dunia haijawa na watu, kilikuwa kimenyamaza mwaka ule niliokihitaji.

Mama Kalekye alikuja akifuta mikono. "Imekuja?"

"Imekuja."

"Inasema siku ngapi?"

"Haisemi."

"Haisemi kivipi? Si ni mwaka mzima?"

"Mwaka mzima imekaa hivyo. Angalia."

Aliinama, akaangalia kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa makini aliyokuwa nayo kwa viondo. "Hii haijashonwa," alisema hatimaye.

"Haijashonwa."

"Kwa hivyo ile themanini na sita ingeweza kuwa sawa."

"Ingeweza."

"Na nafasi imeenda."

"Imeenda."

Aliingia stoo. Nilimsikia akisukuma debe, kisha akimfokea mteja aliyekuwa ameomba tu kiberiti, akimwambia duka hili si la watu wa kuamka saa hizi, na ilikuwa mchana. Nilijua ni mimi anayenililia. Nikavuta kiti, nikaandika ripoti ya kazi yote, kurasa sita: misimu minne, mlima mmoja, pengo. Pale ambapo fomu ya jarida ilitaka kuchelewa kwa taswira ya pili niliandika "haijapimika," na chini yake, kwenye orodha ya waandishi, nikaweka jina la Daktari Musembi kwanza, kama desturi inavyotaka, na langu la pili. Nikapanda kitini nikamtumia Daktari Musembi aipitie.

Jibu lilikuja kabla sijashuka. Alikuwa ameirudisha ripoti bila kubadilisha neno hata moja la ndani. Alikuwa amegeuza majina tu. Mstari mmoja juu: "Hii ni yako. Tangulia wewe."

Sijui alimaanisha nini. Nilisimama pale juu nikiisoma, mara naona ni heshima, mara naona ananiachia mzigo wangu nibebe peke yangu, na sikumuuliza siku ile wala katika miaka yote aliyoishi baadaye. Ripoti ilikubaliwa. Ni kazi yangu ya kwanza kuchapishwa, na nasikia hakuna anayeisoma. Jina langu liko juu, lake linafuata, na mahali pa namba hakuna namba.